Mfundishe mwanao kutafuta jibu, si kulinakili

Mwezi uliopita nilikuwa Kasulu kwa kazi zangu za kuandika habari za afya. Jioni moja mama mmoja tunayefahamiana akanikaribisha chai nyumbani kwake. Nikakuta nyumba ina wasiwasi. Mtoto wake wa mwisho, wa miezi saba, alikuwa na homa na alikuwa akiharisha kwa siku ya pili. Bibi yake alikuwa ameshamfunua kinywa, akaona uvimbe mweupe kwenye fizi, na kwake jibu lilikuwa limepatikana: meno ya plastiki. Asubuhi mtoto angepelekwa kwa mtu anayeyang'oa.

Dada yake, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa ameshika simu ya mama.

"Mama, nimetafuta mtandaoni," akasema. "Bibi anasema kweli. Yapo. Hata video ipo."

Akatuonyesha. Kweli video ilikuwepo. Mtu anazungumza kwa kujiamini, na chini yake watu wanamshukuru. Mama akanigeukia: "Dada, si ndiyo kazi yako hii? Wewe unasemaje?"

Ningeweza kumjibu palepale, lakini nikamuuliza kwanza yule binti: "Ulipotafuta, uliandika maneno gani?"

"Niliandika 'dawa ya meno ya plastiki'."

Nikaelewa tatizo lilipoanzia. Binti hakuuliza mdogo wake anaumwa nini. Alichukua jibu la bibi, akaliandika kwenye simu, na simu ikamletea watu wanaokubaliana na bibi.

Tukaanza upya. Nikamwambia aandike alichokiona kwa macho yake: mtoto wa miezi saba, ana homa, anaharisha. Safari hii yakaja mambo mengine kabisa, yakiwemo malaria, maji yasiyo salama, na namna ya kumzuia mtoto asiishiwe maji mwilini. Mama naye akakumbuka kitabu. Marehemu babu yao aliwahi kuwa mhudumu wa afya kijijini, na juu ya kabati ilikuwepo nakala yake iliyochakaa ya "Mahali Pasipo na Daktari". Binti amekuwa akikiona kitabu kile tangu akiwa mdogo lakini hakuwahi kukifungua.

"Ni kikubwa mno, anti. Sitakimaliza."

Nikamweleza kwamba kitabu cha namna ile hakisomwi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu anakwenda kwenye orodha ya mada, anatafuta neno lake, anaangalia namba ya ukurasa, anafungua. Akapitisha kidole mpaka kwenye kuharisha. Haikuchukua dakika tano. Akamsomea bibi yake kwa sauti kuhusu mtoto anayepoteza maji, na bibi akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Asubuhi mtoto akapelekwa kituo cha afya. Kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa dawa ya malaria, na kwa kuharisha akapewa ORS na vidonge vya zinki.

Ule uvimbe kwenye fizi ulikuwa meno ya utotoni ambayo hayajatoka. Kuyachokonoa kunamletea mtoto damu na maambukizi, kunaweza kuharibu hata meno yatakayoota baadaye, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Na kwa mkoa wetu homa ya mtoto si jambo la kusubiri. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha Kigoma ikiongoza kwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, takriban asilimia 24, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Siku moja au mbili za kuhangaika na mng'oa meno zingeweza kumgharimu mtoto yule uhai wake.

Ndiyo maana leo, mzazi mwenzangu, ukurasa huu wa afya unazungumzia vitabu na maktaba.

Hata sisi hatukufundishwa

Nikiri kitu. Mimi nilimaliza kidato cha sita bila kujua namna ya kutafuta kitabu kwenye rafu. Mwaka wa kwanza chuo kikuu tukapewa kazi ya kuandika kurasa tano kuhusu kipindupindu. Nikaingia maktaba, nikazunguka kati ya rafu, nikaona aibu kumuuliza mkutubi, nikatoka. Usiku nikanakili kurasa za mtandaoni na kubadilisha maneno machache. Kazi ilirudi na sifuri, na pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Haya ni maneno ya nani?"

Nilikuwa na miaka 20. Swali lile lingenisaidia zaidi kama ningeulizwa nikiwa na miaka 10, nikiwa nyumbani, bila maksi za kupoteza.

Watoto wetu tunawaambia wasome kwa bidii. Tunawanunulia madaftari na kuwalipia masomo ya ziada. Lakini mtoto akirudi na kazi ya nyumbani inayosema "tafuta habari kuhusu", tunampa simu na kurudi jikoni. Anaandika maneno mawili, anachukua kinachotokea juu kabisa, ananakili, anapata vema. Amefaulu zoezi, ila siku atakapotafuta habari za ugonjwa, mbolea, mkopo au dawa, atafanya vilevile.

Haya yafuatayo ni mambo matano ambayo mzazi yeyote wa Kasulu, Kibondo au kwingineko anaweza kumfundisha mwanawe.

1. Swali kabla ya simu

Kabla mtoto hajagusa simu au kitabu, aandike swali lake kwenye karatasi kwa sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. "Malaria" si swali. "Kwa nini malaria huongezeka baada ya mvua?" ni swali, na tayari lina maneno mawili ya kutafutia: malaria na mvua.

Kisha mwulize: je, swali lako lina jibu ndani yake? Mtoto anayeandika "faida za dawa fulani" ataletewa faida tu. Mwambie aandike pia "madhara" ya dawa hiyohiyo, asome pande zote mbili.

2. Namna ya kukifungua kitabu

Chukua kitabu chochote cha shule kilichopo nyumbani. Mwonyeshe mtoto jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka wa kuchapishwa. Mwonyeshe yaliyomo upande wa mbele. Kama kitabu kina faharasa nyuma, mwonyeshe kwamba maneno yake yamepangwa kwa alfabeti pamoja na namba za kurasa. Kisha fanyeni mchezo: taja neno, yeye alitafute, wewe uhesabu sekunde. Kamusi inafaa sana kwa mchezo huu. Mtoto wa darasa la nne anayeweza kupata neno kwenye kamusi kabla hujahesabu 30 atakuwa na njia ya kuingia katika vitabu vingi vya marejeo.

Akibahatika kuingia maktaba yenyewe, aelewe kwamba vitabu havikupangwa kwa rangi wala ukubwa. Maktaba nyingi hutumia namba za mpango uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Vitabu vya sayansi huanzia 500, vya tiba na afya vipo 610, vya kilimo 630, vya historia na jiografia huanzia 900. Namba hiyo imebandikwa mgongoni mwa kitabu. Mtoto akishajua 610 ipo wapi, vitabu vya afya vyote vitakuwa jirani hapohapo.

Na mfundishe kumuuliza mkutubi bila aibu. Ile ndiyo kazi yake. Mimi aibu hiyo ilinigharimu.

3. Nani amesema, na amesema lini?

Mfano wa karibu ni ugonjwa wa Marburg. Msomaji wa Kibondo anajua kwamba ukienda Kahama au Mwanza unapita Kakonko na kutokea Nyakanazi, ambayo ipo wilaya ya Biharamulo. Januari 2025, habari za Marburg Biharamulo ziliposambaa, watu wa barabara hiyo walikuwa na haki ya kutaka kujua ukweli.

Sasa angalia mfuatano wake. Januari 14, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jijini Dodoma kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Machi 13 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Waliothibitika walikuwa wawili, na wengine wanane walihesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua. Wote kumi walifariki.

Mtu aliyehifadhi taarifa ya katikati ya Januari na kuisambaza mwezi Februari alisambaza maneno ambayo kweli yalisemwa, tena na mamlaka halali, lakini yalikuwa yamepitwa na wakati. Na mtoto anayetafuta "Marburg Kagera" bila kuangalia mwaka anaweza kuchanganya mlipuko huo na ule wa Bukoba Vijijini wa mwaka 2023, ambao ulitangazwa Machi 21 na kumalizika Juni 2, ukiwa na wagonjwa tisa na vifo sita. Ni mkoa mmoja na ugonjwa mmoja, ila ni milipuko miwili tofauti.

Kwa hiyo mzoeze mwanao kuandika vitu viwili pembeni ya kila habari: jina la aliyesema na tarehe. Habari ambayo haina vyote viwili, kama zile sauti zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, aiweke kando mpaka apate chanzo kingine. Na jambo kubwa lisitegemee chanzo kimoja. Atafute viwili ambavyo havikunakiliana.

Vivyo hivyo kwa programu za akili mnemba ambazo watoto wa sekondari wameanza kuzitumia kufanyia kazi za shule. Zinajibu haraka na kwa lugha safi, na wakati mwingine hutaja kitabu ambacho hakipo. Mtoto akipata jibu huko, alichukulie kama neno la mpita njia: anaweza kuwa sahihi, lakini nenda ukahakikishe.

4. Soma, funika, andika

Hii ndiyo dawa ya kunakili. Mtoto asome aya moja, afunike kitabu au azime simu, kisha aandike alichoelewa kwa maneno yake. Akishindwa, maana yake hajaelewa, na arudie kusoma. Ni kazi ya dakika kumi inayomchosha mara mbili tatu za kwanza, halafu anazoea.

Chini ya alichoandika aweke chanzo: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ukurasa. Kama ni mtu aliyemweleza, aandike jina la mtu huyo, kijiji na siku waliyozungumza. Anayetaja alikotoa habari anampa mwenzake nafasi ya kwenda kuhakikisha. Nesi anafanya hivyo anapoandika kwenye kadi ya kliniki: dawa gani, kiasi gani, tarehe gani. Bila kadi, nesi wa zamu inayofuata angeanza kubahatisha.

5. Maktaba iko wapi?

Najua swali lenu. "Dada, maneno mazuri, lakini sisi maktaba tutaitoa wapi?"

Kutoka Kasulu nilipanda basi kwenda Kibondo, nikatembelea shule moja ya msingi. Nilipouliza kuhusu vitabu vya ziada nikaonyeshwa kabati lenye kufuli. Vitabu vimo, vingine vipya kabisa. Mwalimu aliniambia bila kuficha: kikipotea kimoja, atakayeulizwa ni yeye, kwa hiyo ni salama zaidi vikikaa ndani. Simlaumu. Lakini kitabu kilichofungiwa hakimsaidii mtoto.

Mzazi, hapa una kazi. Kwenye kikao kijacho cha wazazi usiulize tu michango na chakula. Uliza pia: shule ina vitabu gani vya ziada, ufunguo uko kwa nani, na watoto wanaingia siku gani? Jitoleeni wazazi wawili kukaa na daftari la kuazima kila Ijumaa mchana. Kubalianeni mapema kwamba kitabu kikichanika kwa kusomwa, mwalimu hatadaiwa. Hilo halihitaji mfadhili.

Nchi yetu ilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Desemba 9, 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Waliotangulia waliona kwamba Uhuru na vitabu vinakwenda pamoja. Hata hivyo, kwa familia nyingi za milimani kwetu maktaba kubwa ya umma bado ni safari ya basi. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Ukipata safari ya mjini na mtoto yupo likizo, nenda naye, mwingie maktaba hata kwa saa moja.

Kwa siku za kawaida, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule, na kuvisoma ni bure. Bando la kuangalia video mbili tatu linatosha kusomea sura nzima. Keti naye wakati anatafuta, hasa kama ni mdogo. Usimwachie simu peke yake chumbani.

Na usiwasahau wazee. Tuseme mwalimu amewaambia watoto waandike kuhusu Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru, Kasulu, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mtandaoni watapata habari kidogo. Lakini wapo wazee vijijini waliokuwa watoto wakati ule, na mtoto akienda na maswali matano kwenye daftari, akamwamkia mzee vizuri na kumsikiliza, atarudi na habari ambazo wenzake hawana. Kisha alinganishe alichoambiwa na kitabu cha historia, maana wazee nao husahau.

Kama mzazi hujasoma sana

Wapo watakaosema hili ni la wazazi waliosoma. Mama wa Kasulu niliyemtaja aliishia darasa la nne. Alichofanya jioni ile ni kukumbuka kuwa kitabu kipo na kuruhusu kisomwe mbele ya mama yake mzazi. Bibi naye hakutaka mabaya. Alitaka mjukuu apone, na alitumia jibu alilokuwa nalo. Hakuna aliyemdharau, na nadhani ndiyo sababu alikubali kusikiliza.

Huhitaji kujua jibu. Unahitaji kuuliza maswali matatu kila mtoto anapokuja na habari: Nani amesema? Amesema lini? Umeangalia wapi pengine? Ukiuliza kwa upole kila siku, baada ya muda mtoto ataanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaja kwako.

Nimalizie kwa onyo moja kama mwandishi wa afya. Kutafuta habari hakuchukui nafasi ya zahanati. Mtoto mdogo asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea na kulala usingizi usio wa kawaida, apelekwe kituo cha afya wakati huohuo. Vitabu mtavisoma mkirudi.

Jumamosi hii jaribu zoezi dogo. Kila mtoto aandike swali moja ambalo kweli anataka kujua jibu lake. Jumapili jioni alete jibu kwa maneno yake, likiwa na vyanzo viwili, kimoja kikiwa kitabu au mtu. Mezani msikilize kama unavyosikiliza taarifa ya habari.

Wiki iliyopita mama wa Kasulu alinipigia. Mtoto ni mzima, anatambaa. Bibi naye amepata kikohozi, akamwita mjukuu wake wa darasa la saba na kumwambia, "Lete kile kitabu cha babu yako, uniangalizie." Binti akamtafutia ukurasa, akamsomea, kisha akamwambia: "Bibi, hapa wanasema kikohozi kikizidi wiki mbili tukapime kifua kikuu. Chako kina siku ngapi?"